Elimu ya mimea katika Lubumbashi: mwalimu na waliomfuata

Mtu akitaja Katanga mbele ya wageni, mara moja wanafikiri shaba. Wanajua majina ya migodi, wanajua kampuni, wanajua na bei ya madini sokoni. Ni wachache wanaojua kwamba udongo huu huu wa shaba huotesha maua yasiyoota mahali pengine popote duniani, na kwamba katika mji wetu wa Lubumbashi wamekuwako, kwa zaidi ya miaka hamsini, watu wanaoyachunguza kwa subira. Hata kati yetu tuliopita shuleni, wengi hatukusikia habari hizo darasani.

Tumependa basi kuwaandikia ndugu wasomaji historia fupi ya kazi hiyo. Hatuandiki kwa ajili ya kusifu watu, kwani sifa za watu hupita. Tunaandika kwa sababu ndani ya historia hii mna fundisho linalotupasa sisi sote tunaofundisha, tukiwa mapadri, waseminari au makatekista. Fundisho lenyewe ni hili: elimu ya viumbe haipati mizizi katika inchi kwa kuletewa vitabu tu. Inapata mizizi siku ile mwanafunzi anapoweza kushika jani la inchi yake, kulipima mwenyewe, na kumwambia mwalimu wake kwa heshima: «Hesabu hii na tuirudie.»

I. Walaji wa shaba

Kabla ya kuwako labo yoyote, mababu walikuwa wamekwisha kuvijua vilima vya shaba. Kilima cha namna hiyo hujitambulisha kwa mbali: katikati ya msitu miti mikubwa inakoma ghafla, na mahali pake yanabaki majani mafupi na maua madogo madogo. Wafua shaba wa zamani walichimba jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makala katika tanuru za udongo, wakatengeneza ile misalaba ya shaba iliyotumika kama mali katika inchi nyingi za Afrika ya kati.

Mtu aliyetuachia maandiko juu ya kazi hiyo ni Mgr Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, aliyekuwa Vikari wa Kitume wa Katanga. Mwaka wa 1926 alitoa maandiko yenye jina «Les mangeurs de cuivre du Katanga», maana yake Walaji wa shaba wa Katanga. Jina hilo tulishike, kwa sababu litarudi mbele katika habari yetu kwa namna nyingine.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka wa 1906. Mji ukaanza mwaka wa 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka wa 1911 tanuru kubwa ya Lubumbashi ikaanza kuyeyusha shaba. Mwaka ule ule wa 1911 mapadri Wasalesiani walifika Katanga kwa kazi ya shule. Hivyo moshi wa tanuru na kengele ya shule vilianza pamoja katika mji huu.

Wataalamu wa mimea nao walipita. Aliyejulikana zaidi ni Paul Duvigneaud (1913–1991), profesa wa chuo kikuu cha Bruxelles. Mwaka wa 1958 aliandika juu ya mimea ya Katanga na ya udongo wake wenye madini, na mwaka wa 1963, pamoja na Bibi Denaeyer-De Smet, akaandika juu ya shaba na mimea. Alionyesha kwamba kila sehemu ya kilima ina watu wake, tungesema hivyo: ua hili hukaa penye shaba nyingi, lile penye shaba kidogo, lingine penye kobalti. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na nzuri. Lakini wenyeji wa vilima vile walikuwa na sehemu gani ndani yake? Walionyesha njia, walibeba mizigo, walitaja majina ya miti. Majani yaliyokaushwa yalisafiri kwenda Ulaya, na elimu ikasafiri pamoja nayo.

II. Mwalimu wa miombo

Chuo kikuu cha serikali kilifunguliwa Élisabethville mwaka wa 1956. Miaka minne tu baadaye ukaja uhuru, tarehe 30 Juni 1960, kisha kutengwa kwa Katanga tangu Julai 1960 hata Januari 1963. Ilikuwa miaka ya taabu na ya damu. Wengi walidhani kwamba chuo kile kichanga hakitadumu. Kikadumu.

Katika miaka hiyo ya 1960 alikuwako huko mwalimu mmoja Mbeljiki, jina lake François Malaisse, mtaalamu wa mimea na wa maisha ya msitu. Alifundisha Lubumbashi kwa miaka mingi, kisha akarudi Ubelgiji akaendelea na kazi Gembloux. Alikuwako wakati serikali ilipounganisha vyuo vikuu vyote vitatu kuwa kimoja mwaka wa 1971, na mwaka wa 1981 Lubumbashi ikapata tena chuo kikuu chake chenyewe. Ndiyo sababu katika maandiko yake ya wakati ule twasoma Zaïre badala ya Kongo, na Shaba badala ya Katanga.

Malaisse hakukaa na vilima vya shaba peke yake. Alichagua pia jambo ambalo watu waliliona la kila siku mno hata lisistahili elimu: msitu wa miombo wenyewe, ule unaouzunguka mji wetu pande zote. Karibu na Luiswishi yeye na wenzake walipima majani yanayoanguka na namna yanavyooza, walichunguza vichuguu na wadudu wa udongo, walifuata majira ya mvua na ya kiangazi mwezi kwa mwezi. Kazi ya namna hiyo haina fahari. Mtu anapima takataka za msitu mwaka mzima, na mwishoni ana hesabu tu. Lakini bila hesabu hizo nani angeweza kusema msitu unakula nini, unarudisha nini, na utachukua miaka mingapi kupona ukikatwa?

Mwaka wa 1970 lilitoka andiko juu ya kiwavi kiitwacho na wataalamu Elaphrodes lactea, ambacho watu wetu wanakijua kwa jina la tunkubiu. Waandishi walieleza maisha yake na namna kinavyougusa msitu mzima kwa kula majani yake. Juu ya andiko hilo kuna majina matatu: Bibi Malaisse-Mousset, Malaisse, na Watula. Jina la tatu ni jina la Mkongomani. Tunataka msomaji asimame kidogo hapa. Miaka kumi tu baada ya uhuru, jina la mtu wa inchi halikuandikwa chini kama la mbeba mizigo. Liliandikwa juu, kama la mwandishi.

Mwaka wa 1980 Malaisse na mwenzake Parent walitoa hesabu juu ya viwavi vya kula vya kusini mwa Shaba. Walipima aina 23, wakaona kwamba katika gramu 100 za viwavi vikavu mna protini karibu gramu 63 na nusu. Mama anayenunua kikombe cha viwavi sokoni ili kula na bukari hakuhitaji labo kumwambia kwamba chakula hiki kinatia nguvu. Lakini mtoto wake aliyesoma, aliyeanza kuona haya juu ya chakula cha porini, alihitaji kusikia kwamba mama yake ana haki.

Hatimaye mwaka wa 1997 Malaisse alikusanya yote katika kitabu kikubwa, «Se nourrir en forêt claire africaine», juu ya namna watu wanavyojilisha katika msitu wa miombo: matunda, uyoga, viwavi, mchwa, asali, mizizi. Kitabu cha namna hiyo hakiandikwi na mtu anayekaa ofisini. Kinaandikwa na mtu aliyekubali kuwa mwanafunzi wa wazee na wa akina mama, akiuliza: Hiki kinaitwaje? Kinaliwa lini? Kinapikwa namna gani ili kisidhuru? Profesa alifundishwa kwanza, kisha akafundisha.

III. Majani yaliyooshwa

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwetu ni kiini cha historia hii.

Mmea wa kawaida una shaba kidogo sana ndani yake, tuseme miligramu 5 hata 20 katika kilo moja ya majani makavu. Shaba ikizidi, mmea unakufa. Mwaka wa 1978 Malaisse, pamoja na Robert Brooks wa New Zealand na wenzao wengine, waliandika katika gazeti la Marekani liitwalo Science juu ya mmea mdogo wa kwetu, Aeolanthus biformifolius. Walisema wameona ndani yake shaba kufika asilimia 1,37, yaani gramu karibu 14 kwa kilo. Hilo lilikuwa jambo la ajabu. Mwaka wa 1985 Brooks na Malaisse walitoa kitabu kizima juu ya mimea ya Afrika ya kati na kusini inayovumilia madini, na mimea mingi ya Katanga ikahesabiwa kuwa yenye kulimbikiza shaba na kobalti. Baada ya watu walaji wa shaba, tulipata na mimea walaji wa shaba. Habari ilienea katika vyuo vya dunia yote.

Zikapita karibu miaka thelathini. Katika kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikatokea kizazi kingine, na ndani yake Mylor Ngoy Shutcha. Yeye na wenzake wawili wa Ubelgiji, Michel-Pierre Faucon na Pierre Meerts, walijiuliza swali dogo ambalo hata mtoto angeweza kuliuliza: Je, majani yale yalikuwa safi? Kila mkaaji wa Katanga anajua vumbi la kiangazi. Linaingia ndani ya nyumba, linakaa juu ya meza, linakaa juu ya mboga. Na penye kilima cha shaba vumbi lenyewe ni shaba.

Wakachukua majani, wakayaosha vizuri, wakapima. Matokeo yao yalitoka mwaka wa 2007. Hesabu zilishuka sana. Sehemu ya shaba iliyodhaniwa kuwa ndani ya jani ilikuwa juu ya jani, na mimea mingi iliyosifiwa haikufika tena kile kipimo cha walaji wa shaba.

Mtu wa moyo mdogo angeona hapo aibu ya mwalimu na ushindi wa vijana. Sivyo. Mwaka wa 2017 lilitoka andiko kubwa la kupima upya yote yaliyojulikana juu ya shaba na kobalti ndani ya mimea, na kuonya waziwazi juu ya udanganyifu wa vumbi. Waandishi wake ni kumi. Mmoja wao ni François Malaisse. Mzee aliyetia sahihi hesabu za mwaka wa 1978 alitia sahihi pia andiko la kuzisahihisha.

Ndugu waseminari, mnasoma falsafa, mnajua mwanafalsafa alivyosema kwamba Plato ni rafiki, lakini ukweli ni rafiki zaidi. Hapa hamna haja ya kwenda hata Ugiriki ili kuona mfano wake. Mfano uko Lubumbashi. Mwalimu hakushusha heshima yake kwa kukubali maji ya kuoshea majani. Na wanafunzi hawakukosa adabu kwa kuyamwaga.

IV. Elimu inapogusa maisha ya watu

Mtu atauliza: Jani kuoshwa au kutooshwa, hilo linawafaa nini maskini wa mji?

Linawafaa sana. Anayejua kupima jani la kilima anajua pia kupima jani la lengalenga. Tanuru ya Lubumbashi ilitoa moshi wake kwa miaka mingi, na upepo ukaupeleka zaidi upande mmoja, upande wa Penga Penga. Udongo wa huko ulijaa shaba na ukachachuka hata mahali pengine pakabaki uchi kabisa, bila jani. Shutcha na wenzake walichukua nyasi ya kilima cha shaba, iitwayo Microchloa altera, ambayo imezoea sumu ile tangu kuumbwa kwake. Waliipanda Penga Penga pamoja na chokaa na mbolea ya takataka zilizooza, ili ifunike udongo na kuuzuia usipeperuke wala kuchukuliwa na mvua. Mwaka wa 2015 walieleza matokeo ya miaka mitatu ya jaribio hilo. Nyasi iliyodharauliwa ikawa dawa ya jeraha la mji.

Waganga nao walifanya kazi kwa upande wao. Mwaka wa 2009 Célestin Banza wa Lubumbashi na wenzake walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno mwilini. Hapo hakuna tena habari ya maua tu. Ni habari ya watoto.

Na vilima vyenyewe? Mwaka wa 2010 wachunguzi, na kati yao Malaisse, Shutcha na Ngongo, walihesabu aina zaidi ya 30 za mimea zisizopatikana ila juu ya udongo wa shaba na kobalti wa kwetu. Kilima kikichimbwa chote, mimea yake inakwisha nacho. Hakuna mahali pa kwenda kutafuta mbegu nyingine. Tangu sheria ya migodi ya mwaka wa 2002 kampuni nyingi zimekuja, na vilima havizaliwi upya.

Tuongeze mfano mmoja tu. Vile vichuguu vikubwa tunavyoviona katika mashamba na hata katikati ya viwanja vya mji, umri wao ni nini? Mwaka wa 2015 wachunguzi, na kati yao Basile Mujinya wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walipima vichuguu vya miombo karibu na mji. Msingi wa kimoja ulikuwa na miaka zaidi ya 2000. Mchwa walikianza kabla Yezu hajazaliwa Betlehemu. Sisi twaweza kukibomoa kwa majuma machache ili kufyatua matofali. Hatusemi kwamba kufyatua matofali ni dhambi, kwani watu wanahitaji nyumba. Twasema kwamba ni vema mtu ajue anachokibomoa.

V. Inatupasa nini sisi?

Kanisa halikuwa geni katika kazi hii. Mtakatifu Alberto Mkuu, Mdominikani na askofu, alichunguza mimea na wanyama kwa macho yake mwenyewe katika karne ya 13, na mwaka wa 1941 Papa Pio XII alimweka kuwa msimamizi wa wanaosoma elimu ya maumbile. Padri Gregor Mendel, Mwaugustino, alihesabu maharagwe ya njegere katika bustani ya monasteri yake, akatoa matokeo mwaka wa 1866. Alikufa mwaka wa 1884 bila kusifiwa, na ulimwengu ulimwelewa mwaka wa 1900 tu. Na Papa Fransisko, katika barua Laudato si' ya mwaka wa 2015, alitukumbusha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kimoja. Watu wa Penga Penga wangeweza kutia sahihi neno hilo.

Lakini tusijifiche nyuma ya majina makubwa. Tujiulize namna gani tunavyofundisha. Katika shule nyingi mwalimu anaandika ubaoni sehemu za ua, watoto wanaziandika katika daftari, wanazikariri kwa Kifransa, wanazirudisha siku ya mtihani. Nje ya dirisha ua lenyewe limechanua, na hakuna aliyetoka kulitazama. Mtoto wa namna hiyo atapata alama nzuri, lakini siku moja akiambiwa na mtu mwenye mali kwamba mto ni safi au kwamba vumbi halina neno, atafanya nini? Ataandika katika daftari.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu, yasiyohitaji fedha nyingi.

La kwanza, kila seminari na kila shule ya misioni iwe na sehemu ndogo ya msitu au ya bustani isiyoguswa kwa moto, nayo itumike kama kitabu. Wanafunzi waandike mwezi kwa mwezi: mti gani umetoa majani, mvua imeanza lini, kiwavi gani kimeonekana. Miaka kumi ya daftari kama hiyo ni mali.

La pili, makatekista wa vijiji wakusanye kwa wazee majina ya miti, ya uyoga na ya viwavi, pamoja na matumizi yake. Mzee anapokufa hajaulizwa, tunapoteza kitabu ambacho hakuna Gembloux itakayokichapa tena. Na msitu wenyewe unazidi kukimbia mji kwa sababu ya makala. Baada ya muda jina litabaki, mti hautakuwako.

La tatu, na kwetu ndilo kubwa, tuwazoeze vijana kuosha jani kabla ya kulipima. Maana yake, wasiamini neno kwa sababu limeandikwa na mzungu, wala wasilikatae kwa sababu hiyo hiyo. Waulize: Nani alipima? Alipima namna gani? Je, naweza kurudia? Tusiogope kwamba swali hilo litaharibu imani yao. Mungu ndiye aliyeumba jani, na ndiye aliyempa mtu akili ya kulichunguza. Yeye haogopi kupimwa kwa kazi zake. Linaloogopa kuoshwa ni vumbi.

Mwalimu wa Lubumbashi aliishi hata akaona wengine wanasahihisha hesabu zake, naye akatia sahihi pamoja nao. Tuombe neema hiyo kwa kila anayefundisha: kuandaa wanafunzi watakaoona mbali kuliko yeye, na siku wanapoona, kufurahi.